Leseni ya mfuta vioo wa kujitegemea: karatasi zipi, uanze na ipi, na kila moja inakula shilingi ngapi

Kazi ya kufuta vioo haidai mtaji mkubwa. Ngazi, ndoo mbili, mpira wa kukwangulia maji, matambara yasiyoacha manyoya, sabuni ya maji. Ukiwa na laki moja na nusu, Jumatatu uko kazini. Mimi nilianza hivyo Mikocheni, nikifuta madirisha ya majumba ya watu kwa shilingi 2,000 dirisha, grili na wavu wa mbu vikilipiwa pembeni. Mwaka mzima sikuwa na karatasi hata moja, na sikuona ubaya wake, mpaka siku nilipomaliza vioo vya ofisi moja Upanga na kupanda juu kwa mhasibu kuchukua changu. Yule dada akaniuliza mambo matatu kwa mpigo: TIN (namba ya mlipakodi), leseni, risiti. Sikuwa na hata kimoja. Pesa niliipata baada ya wiki tano, ikapitia kwa jamaa mwenye leseni yake, naye akakata cha juu.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu anayefanya kazi peke yake, au na kijana mmoja wa kumshikia ngazi, Dar es Salaam au mji mwingine wa Tanzania Bara. Zanzibar mambo ni mengine: kule kodi ni ZRA na usajili ni BPRA, usiende na mwongozo huu. Viwango vya kodi nilivyotumia ni vya mwaka wa fedha 2024/25, ambao umeshapita. Bajeti husomwa kila Juni na mabadiliko huanza Julai mosi, basi uliza upya kabla hujalipa.

Jambo moja watu wengi huliuliza vibaya. Hakuna leseni iitwayo "leseni ya kufuta vioo". Kazi yetu inaingia kwenye huduma za usafi, na leseni yake ni leseni ya biashara ya kawaida chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Leseni hizo zina makundi mawili. Kundi A ni la biashara zenye sura ya kitaifa na kimataifa, hutolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Kundi B hutolewa na halmashauri, na huko ndiko kwetu. Mtu akikwambia uende BRELA kuchukua leseni ya usafi wa mtaani, ama hajui au anataka nauli yako.

Kabla ya yote: je, umefika kiwango cha leseni?

Kama unafuta madirisha ya majirani na mauzo yako kwa mwaka mzima hayafiki shilingi milioni 4, yaani wastani wa kama 333,000 kwa mwezi, wewe bado ni mfanyabiashara mdogo. Watu wa aina hii ndio waliowekewa vitambulisho vya wajasiriamali Desemba 2018, enzi za Rais Magufuli, kwa shilingi 20,000. Siku hizi vitambulisho ni vya kidijitali na viko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Anayekuandikisha ni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako. Kwa kazi za majumbani kitambulisho hicho kinatosha kabisa, na sitamshauri mtu anayeingiza laki mbili kwa mwezi akimbilie leseni.

Ila kitambulisho hakikuvushi mlango wa ofisi. Mhasibu wa kampuni anataka TIN yako ili malipo yake yakubalike kwenye hesabu zake za kodi. Hapo ndipo karatasi zinapoanza kuwa na thamani ya pesa: dirisha la nyumbani ni 2,000, lakini mkataba wa ofisi yenye vioo arobaini, mara mbili kwa mwezi, ni mshahara. Ukiona wateja wa namna hiyo wameanza kukuita, anza safari.

Na lingine la kujua mapema: usafi wa nyumba, ofisi na mazingira umo kwenye orodha ya biashara 15 ambazo Serikali ilipiga marufuku kwa wasio raia mwezi Julai 2025. Asiye raia akikamatwa anazifanya, faini yake ni kuanzia shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, na kibali cha kuishi kinafutwa. Naona watu wanalisoma hili kama habari ya wageni tu. Soma tena: Mtanzania anayemsaidia mgeni kufanya biashara hiyo naye ana faini ya milioni 5 au miezi mitatu jela. Kwa hiyo rafiki akija na wazo la "wewe toa jina na leseni, mimi natoa mtaji na mashine", na rafiki huyo hana uraia, kunywa naye soda muachane kwa amani.

Hatua ya kwanza: kagua jina lako la NIDA

Kila mfumo utakaoupita, wa TRA (mamlaka ya mapato), wa BRELA, wa halmashauri, unaanza na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ni tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa kuanzia mwaka. Kadi yenyewe si lazima uwe nayo mkononi, namba inatosha.

Mfumo utakuuliza maswali ya kuhakiki kwamba namba ni yako kweli: jina la mama, shule ya msingi uliyosoma, mahali ulipozaliwa, vitu vya namna hiyo. Jibu lazima lifanane na lile lililoandikwa siku ulipojiandikisha, herufi kwa herufi. Mimi nilikwama hapa siku mbili. Shule niliyosoma ilikuwa na neno "Msingi" kwenye kumbukumbu, mimi nikawa naandika jina tupu. Ukikosea mara kadhaa unafungiwa kwa muda. Kama bado unayo nakala ya fomu uliyojaza wakati ule, itafute kabla hujakaa kwenye kompyuta ya stesheneri inayohesabu dakika.

Jina nalo: kama NIDA inasema Ramadhani na akaunti ya benki inasema Ramadhan, rekebisha kimoja sasa hivi. Baadaye malipo yatarudi, na mhasibu hatakuwa na huruma.

Hatua ya pili: tafuta anwani

Hapa ndipo wafuta vioo tunapolalamika zaidi, maana ofisi yetu ni ngazi. Lakini leseni haitolewi hewani, inatolewa mahali. Utahitaji mkataba wa pango, au kama nyumba ni yako, uthibitisho wa umiliki. Huhitaji fremu ya barabarani. Chumba kidogo cha kuwekea vifaa kinatosha, na wapo wanaochangia fremu na fundi simu au fundi cherehani, mkataba ukiandikwa majina yote.

Sasa hesabu ambayo hakuna anayekwambia mapema. Ukipeleka mkataba TRA, una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Na kwa sababu umepanga kwa ajili ya biashara, unatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na kuiwasilisha. Chukua chumba cha 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 600,000. Stempu ni 6,000. Zuio ni 60,000.

Ile 60,000 si yako, ni kodi ya mwenye nyumba. Wewe ni mkataji tu. Unamlipa yeye 540,000 na TRA 60,000. Lakini jaribu kumweleza hivyo mzee aliyejenga vyumba vyake kwa jasho miaka ya tisini. Wangu alininunia mwezi mzima, tukisalimiana kwa kichwa. Nilichojifunza ni kuongea kabla ya kusaini. Ukienda TRA ukiwa umeshamlipa mwenye nyumba pango lote, hana sababu ya kukurudishia, na ile 60,000 itatoka mfukoni mwako. Nenda na mtu anayeijua kodi, au mwambie: "Mzee wangu, hii nakulipia kwa jina lako, risiti yake nitakuletea wewe."

Ukishakuwa na mkataba, pita serikali ya mtaa upate barua ya utambulisho: wewe ni nani, unaishi wapi, biashara iko nyumba namba ngapi. Nenda asubuhi. Mtendaji akishatoka kwenda kwenye kikao, siku imekwisha.

Hatua ya tatu: jina la biashara, ukilihitaji

Ukifanya biashara kwa majina yako kamili, hulazimiki kusajili jina. Ukitaka kuitwa "Ng'ara Usafi" au chochote kisicho jina lako halisi, sajili BRELA kupitia mfumo wao wa mtandaoni, ORS. Ada ya usajili ni 15,000, na ya uhifadhi ni 5,000 kwa mwaka. Siku ya kwanza, basi, unalipa 20,000.

Mfumo utakutaka uchague shughuli kwa msimbo wa kimataifa wa ISIC, na hapa wengi hubahatisha. Usafi wa jumla wa majengo ni 8121. Usafi maalumu wa majengo, na kufuta madirisha kumetajwa humo kwa jina, ni 8129. Chagua vyote viwili. Siku mteja wa vioo atakapokwambia "na hizi sakafu je?", hutaki kuanza kurekebisha usajili.

Nashauri ufanye hatua hii kabla ya kwenda TRA, ili jina la biashara liingie kwenye jalada lako tangu mwanzo. Benki nazo, ukitaka akaunti yenye jina la biashara, zitaomba cheti hiki.

Hatua ya nne: TIN na makadirio

TIN ni bure. Narudia kwa sababu mimi nililipa. Kishoka mmoja nje ya jengo alinitoza 30,000 "ya fomu", akaingia ndani, akatoka na karatasi ambayo ningeipata mwenyewe kwa simu na namba ya NIDA. Namba ina tarakimu tisa na ni yako maisha yote.

Kama ulishawahi kutafuta leseni ya udereva, huenda tayari unayo TIN, lakini ni ile isiyo ya biashara. Usiombe mpya. Nenda ofisi ya TRA ya eneo lako na mkataba wa pango, barua ya mtaa na cheti cha BRELA, uombe ibadilishwe kuwa ya biashara.

Baada ya hapo unakaa na afisa kwa ajili ya makadirio, yaani kupanga kodi yako ya mwaka kwa mauzo unayotarajia. Watu huingia wakitetemeka, wanataja namba ya kubuni, halafu wanalia mwaka mzima. Mimi mara ya pili niliingia na daftari. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 96, limelowa pembe moja kwa maji ya ndoo, nimeandika tarehe, nyumba, idadi ya madirisha, pesa. Afisa alilifunua, akasoma kurasa kama nne kimya, akauliza kwa nini Aprili ni nyembamba. Nikamwambia masika, nani anafuta vioo mvua ikinyesha? Akacheka, akaandika.

Lile daftari lilikuwa na maana ya shilingi kabisa. Tuseme unafuta madirisha 50 kwa wiki kwa 2,000, wiki 48 za mwaka. Mauzo ni 4,800,000. Kwa mtu binafsi aliye kati ya milioni 4 na milioni 7:

– asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000 kwa mwaka, iwe isiwe;
– anayetunza kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kilichozidi ni 800,000, kodi ni 24,000.

Tofauti ni 76,000, kwa daftari la bei ya andazi kadhaa na kalamu. Ukipanda daraja la milioni 7 hadi 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye nazo analipa 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kwa mauzo ya milioni 7.5 hiyo ni 105,000. Kuna watu wanasema kuandika ni kujichongea. Mimi naona hesabu inasema kinyume.

Kodi hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ile 24,000 inakuwa 6,000 kila awamu, yaani madirisha matatu. Kinachoua si kiwango, ni kusahau tarehe, riba na adhabu vikaanza kuhesabika.

Ukishakadiriwa na kulipa awamu inayodaiwa, omba hati ya kuthibitisha hudaiwi kodi, ile ambayo kila mtu huiita kliarensi. Nayo ni bure. Bila hiyo halmashauri haikutazami.

Hatua ya tano: leseni yenyewe

Maombi hufanyika kwenye mfumo wa Tausi wa TAMISEMI. Fungua akaunti kwa namba ya NIDA, maswali yale yale ya uhakiki, halafu chagua halmashauri. Dar es Salaam ziko tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo ndilo Ilala ya zamani, na manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Unachagua iliko ofisi yako kwenye mkataba, si unakofutia vioo. Ofisi yangu iko Kinondoni na nusu ya wateja wangu wako Posta. Hiyo si tatizo. Ukifungua ofisi ya pili, hapo ndipo unapohitaji leseni ya pili.

Andaa picha safi za karatasi hizi kwenye simu kabla hujaanza: TIN, kliarensi, mkataba wa pango, cheti cha BRELA kama unacho. Picha iliyopigwa usiku chini ya taa ya njano inarudishwa. Nilirudishiwa mkataba kwa sababu kidole changu kilifunika saini ya shahidi.

Kwenye aina ya biashara tafuta huduma za usafi. Usichague "kampuni ya ulinzi na usafi" au chochote kilichochanganywa na kitu usichokifanya, kwa sababu aina ndiyo inayoamua ada. Ada inategemea pia mahali: ya jiji si sawa na ya mji mdogo. Kwa hiyo mtu wa Korogwe asikubabaishe na kiasi alicholipa yeye. Ada yako halisi ni ile inayotokea kwenye ankara ya mfumo pamoja na kontroo namba, yaani namba ya kulipia serikalini, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Unalipa kwa simu au benki, na jina la mpokeaji likitokea, lisome kabla ya kuweka namba ya siri. Kontroo namba ikiita jina la mtu binafsi, umeibiwa tayari.

Afisa biashara anaweza kuja kukagua ofisi. Kwangu alikuja kijana, akakuta ngazi mbili, ndoo na kiti cha plastiki. Akauliza, "Ofisi ndiyo hii?" Nikamwambia ofisi ndiyo hii. Akapiga picha, akaondoka.

Leseni ikitoka, chapa nakala. Moja ibandike ukutani pale ofisini, sheria inataka ionekane. Nyingine ihifadhi kwenye simu kwa ajili ya mlinzi wa getini, maana huyo ndiye mkaguzi wako wa kila siku.

Ukishapata: pesa zinazokatwa baada ya kazi

Kazi ya kwanza ya kampuni itakushangaza. Unapeleka ankara ya 400,000, inaingia 380,000. Usigombane na mtu. Kampuni inalazimika kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma na kuipeleka TRA kwa TIN yako. Kosa ni kuondoka bila cheti cha zuio. Kile cheti ni kodi uliyokwisha kulipa, na kwa mtu anayedaiwa 24,000 kwa mwaka, ile 20,000 iliyokatwa mara moja imekaribia kumaliza deni zima. Nimeona wenzangu wanalipa mara mbili miaka mitatu mfululizo kwa sababu wanaona aibu kurudi kwa mhasibu kuomba karatasi. Rudi. Omba kwa jina la mwezi na namba ya ankara.

Risiti: mauzo yako yakifika shilingi milioni 11 kwa mwaka, unatakiwa kutoa risiti za EFD, ile mashine ya risiti iliyounganishwa na TRA. Ofisi nyingi zitakudai risiti ya EFD hata kabla hujafika huko, kwa sababu bila hiyo hesabu zao zina shimo. Uliza hili siku ya kupeleka bei, si siku ya kudai malipo. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, isikupe presha. Kizingiti cha kujisajili ni mauzo ya milioni 200, na ukifika huko kwa kufuta vioo, nitakuja mimi kuomba kazi.

Halmashauri nayo ina ushuru wa huduma kwa mtu mwenye leseni ya biashara; mwaka 2024/25 ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa mauzo ya 4,800,000 ilikuwa 14,400. Ni kidogo, ndiyo maana husahaulika, na deni lake hukungojea siku ya kuhuisha leseni.

Ukitaka vioo vya taasisi za umma, njia ni mfumo wa ununuzi wa NeST. Sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Lakini hilo linapitia vikundi vilivyosajiliwa, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo kama mko watatu au wanne mnaofanya kazi hii mtaa mmoja, kaeni chini mzungumze.

Kijana wa kushika ngazi

Siku unapomlipa mtu mshahara, wewe ni mwajiri, hata kama ni mpwa wako. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, kati yenu wawili. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5 na unalipa wewe peke yako. Kwa mshahara wa 200,000 hiyo ya WCF ni 1,000 kwa mwezi. Shilingi elfu moja. Kwa kazi ya kupanda ngazi juu ya vigae vilivyolowa, sijui bima gani nyingine ina bei hiyo.

Kuhusu urefu, nina msimamo wangu. Leseni ya halmashauri inakuruhusu kufanya biashara ya usafi, haikufundishi kuning'inia. Kioo nisichokifikia nikiwa nimesimama kwenye ngazi iliyokaa chini vizuri, au kwa mti mrefu wa kufutia, nakikataa. Kazi za kamba na majukwaa zina watu wake waliofunzwa, na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wana habari nao chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Msimamizi wa jengo akikwambia "pita tu hapo kwenye ukingo, wenzio hupita", mwambie awaite hao wenzio.

Kuhuisha, na kufunga

Leseni ni ya miezi 12 tangu tarehe ya kutolewa, si tangu Januari. Iandike kwenye simu ikukumbushe mwezi mmoja kabla, kwa sababu kuhuisha kunadai kliarensi mpya, na kliarensi mpya inadai awamu zote ziwe zimelipwa. Ukichelewa unalipa adhabu juu ya ada.

Na ukiamua kuacha, umepata ajira au umerudi kijijini, usiache tu. TIN ya biashara iliyoachwa wazi inaendelea kukadiriwa kana kwamba bado uko juu ya ngazi. Nenda TRA na barua inayotaja tarehe uliyosimamisha biashara, peleka nyingine halmashauri, na zote mbili zigongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala utakayobaki nayo. Jirani yangu mmoja aliacha kazi hii akaenda Mbeya kulima parachichi. Aliporudi kutaka TIN yake itumike kwa jambo jingine, alikuta makadirio ya miaka miwili yanamsubiri.